Meli ilizama kwa nini? Yanayosemwa Tanga na yaliyotokea

Jioni pale Deep Sea, boti za uvuvi zikishaingia, habari za meli zilizozama hazikosi msimulizi. Pemba iko ng'ambo tu na familia nyingi za Tanga zina mtu kule, kwa hiyo Spice Islander, meli iliyozama ikienda Pemba, kwetu si habari ya redioni. Tatizo ni kwamba mengine yanayosimuliwa si kweli, na mtu akiyaamini huenda nayo safarini.

"Bahari ilichafuka." Mkondo wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ilikozama meli hiyo, una sifa mbaya, hilo halina ubishi. Ila Spice Islander, iliyozama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ilikuwa na leseni ya abiria 600 hivi, na tume ya uchunguzi ilikuta ilibeba zaidi ya watu 2,000. Kivuko cha MV Nyerere nacho kilipinduka mchana, Septemba 20, 2018, kikiwa kinakaribia gati la kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa ni 228. Ziwa lilikuwa na kosa gani hapo?

Tena si uzito peke yake, ni mahali ulipowekwa. Mtazame baharia mzoefu anavyopakia jahazi: saruji na mchele vinashuka chini kabisa kwenye ngama, yaani tumbo la chombo, magodoro na ndoo za plastiki vinakaa juu. Akiupindua mpango huo, chombo bado kitaelea vizuri bandarini, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kikipigwa wimbi la ubavuni kitalala, na badala ya kuinuka kitazidi kulala. Abiria waliojazana sitaha ya juu ni mzigo wa juu vilevile, tena mzigo wenye miguu: chombo kikiinama, wote hukimbilia upande mmoja.

"Meli ikipinduka na watu wamo ndani, itobolewe haraka." Hili limeshawahi kufanyika, na kwa nia njema kabisa. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka Ziwa Victoria, karibu na Mwanza. Sehemu ya tumbo lake ikabaki juu ya maji, na waokoaji wakawa wanasikia watu wakigonga kutoka ndani. Chuma kikakatwa. Kumbe kilichoifanya meli ile ielee ni hewa iliyonaswa ndani, hewa ileile waliyokuwa wakiivuta waliokuwa wakigonga. Tundu lilipofunguka hewa ikatoka, maji yakachukua nafasi yake, meli ikazama. Simlaumu aliyeshika mashine. Nani angesikia kugonga kule akae ameikunja mikono? Lakini tangu hapo hakuna sababu ya mtu kulirudia. Kwanza chombo huzuiwa kisizame, kisha wapiga mbizi huingia kwa kupita chini ya maji. Kwa MV Nyerere, miaka 22 baadaye, wapiga mbizi walimtoa hai fundi wa mitambo siku mbili baada ya ajali. Alikuwa amejibanza penye hewa.

"Wenye Titanic walivunja sheria, boti zilikuwa chache." Chache zilikuwa, sheria hawakuivunja. Kanuni ya Uingereza wakati ule ilihesabu boti za kuokolea kwa ukubwa wa meli, na kipimo chake kiliishia tani 10,000. Titanic, yenye tani 46,000, ilidaiwa boti 16 tu. Ikabeba 20, zenye nafasi 1,178, na ndani mlikuwa na watu kama 2,200. Karatasi zote safi. Zaidi ya 1,500 walikufa Aprili 1912, na mwaka 1914 nchi zikatia saini London mkataba wa SOLAS, wa usalama wa maisha baharini. Kwa hiyo mtu akikwambia chombo chake "kina cheti", bado unaruhusiwa kuhesabu maboya.

"Sisi watoto wa pwani, jaketi la kuokolea la nini?" Kuogelea Raskazone mchana si sawa na kukaa saa nyingi mkondoni usiku, umevaa nguo zako, mtoto akikushika shingo. Kwenye Spice Islander wapo walionusurika kwa kung'ang'ania magodoro.

Jaketi nalo lina wakati wake. Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa iliishiwa mafuta ikaanguka baharini karibu na ufukwe wa Ngazija. Watu 125 kati ya 175 walikufa. Baadhi yao walikuwa wamejaza majaketi yao upepo wakiwa bado ndani ya ndege. Maji yalipoingia, majaketi yakawabana juu darini na milango ikawa chini yao. La ndege hujazwa ukiwa unatoka mlangoni. Melini, livae mapema, lakini panda juu sitahani, usingoje chumbani.

"Majina ya abiria yanaandikwa kwa ajili ya mapato." Maiti zilizopatikana baada ya Spice Islander zilikuwa 200 hivi. Ilibidi tume ikusanye taarifa za ndugu wa waliopotea, ndipo ikafika kwenye hesabu ya zaidi ya 1,500 waliokufa au kupotea, kwa sababu orodha ya abiria haikuwa na wote. Ukisafiri kwa tiketi ya shemeji yako, anayetafutwa ni shemeji, na yeye yuko nyumbani Ngamiani anakula chakula cha usiku. Mtoto wa kupakatwa naye aandikwe, hata kama halipiwi nauli.