Baraza la nyumba: maana yake, na linavyotofautiana na ngazi na daka

Baraza tunalolieleza hapa si la mawaziri wala la chifu. Ni kikalio kirefu cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa mbele wa nyumba, upande wa njia. Mji wa Kale, Mombasa, utayaona ukipita Ndia Kuu au Kibokoni: mlango uko katikati, vipandio viwili vitatu vya kuingilia, na baraza kulia na kushoto. Hujengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa. Benchi la mbao lililowekwa nje ya mlango si baraza, hata likikaliwa mwaka mzima, maana baraza ni sehemu ya nyumba yenyewe.

Vipandio vipo kwa sababu sakafu imeinuliwa juu ya usawa wa njia, masika yakija maji yasiingie ndani. Baraza nalo huukinga mguu wa ukuta na maji yanayoruka kutoka chini. Lakini kazi yake kubwa ni ya watu. Nyumba ya Kiswahili ina sitara: mgeni wa kiume hapigi hodi akapita moja kwa moja walipo wanawake. Baraza humwezesha mwenye nyumba kumkirimu mgeni bila ya kuivunja sitara hiyo. Hapo huletwa kahawa chungu, hapo hupatanishwa waliogombana, hapo mahari huanza kutajwa kabla ya wazee kukutana rasmi. Jioni hutandazwa bao, na muuza kahawa hupita na dele lake akijua ni baraza gani ina wateja. Hata mpita njia aliyechoka hukaa, na hakuna wa kumwondoa. Kwangu mimi hili ndilo jambo kubwa: mwenye nyumba amejenga kwa gharama yake, kisha akawapa watu wa mtaa.

Wengi huchanganya baraza na daka. Daka ni kipenu cha kuingilia, ambacho huwa na vikalio vyake vya mawe. Nyumba kongwe za Lamu zinajulikana sana kwa madaka. Lakini nyumba nyingi za Mji wa Kale wa Mombasa tunazoziona leo ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, nyingine zikiwa na roshani za mbao zenye mkono wa mafundi wa Kihindi, na mlango wake hufunguka njiani moja kwa moja, bila ya daka. Kwa hiyo kikalio kikatoka nje.

Ngazi za Leven, karibu na Bandari ya Kale, ni jambo jingine. Zile ni njia ya kushukia baharini, na jina lake linatokana na HMS Leven, manowari ya Kapteni William Owen, aliyeitangaza Mombasa kuwa chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1824. Himaya hiyo haikudumu, ilikwisha mwaka 1826. Ni ngazi za mji, hazina mwenye nyumba wa kukukaribisha.

Siku hizi baraza nyingi zinavunjwa ili kutanua mlango wa duka au kupata pa kuegesha gari, na hilo linaniuma. Zinazobaki nazo hukarabatiwa vibaya, kwa saruji. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa taratibu, na chokaa huuachia upite. Saruji huufungia ndani; chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, lipu huvimba na kubambuka pamoja na vipande vya jiwe. Anayetaka kutengeneza baraza la wazee wake na atafute fundi anayejua kuchanganya chokaa na mchanga, na akwangue saruji ya zamani kwanza kabla ya kupiga lipu mpya.