Vizibo vya soda ni somo: ninavyowaeleza wazazi mtaala mpya

Mama mmoja alisimama kwenye kikao cha wazazi, akamwaga mfuko wa vizibo vya soda mezani. "Mwalimu, mimi nimemleta mtoto asome. Kila siku ni lete vizibo, lete vijiti, lete punje za mahindi. Daftari lenyewe halina kitu. Huo ndio mtaala mpya?" Wenzake wakampigia makofi.

Kazi yangu ni mitaala, na katika shule zote nilizozunguka sijaulizwa swali zuri kuliko hilo. Nilimwomba mwanawe wa darasa la pili apange vile vizibo mafungu ya kumi kumi. Yakatoka manne, vikabaki vitatu. "Arobaini na tatu," akasema. Nikiongeza fungu jingine je? Hakuanza kuhesabu upya. "Hamsini na tatu." Mama akarudi kukaa, lakini macho hayakutoka pale mezani.

Wazazi wana haki ya kulalamika, maana wengi wanachokiona ni kitabu tu. Kitabu kisipoisha, wanasema mtaala haujaisha. Mtaala ni makubaliano ya nchi kuhusu kile ambacho mtoto wa ngazi fulani anapaswa kukijua na kuweza kukifanya. Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, huutolea muhtasari wa kila somo, yaani mwongozo wa yatakayofundishwa, na mwalimu hutumia muhtasari huo kuandaa azimio la kazi, yaani mpango wa muhula au mwaka, na andalio la somo, mpango wa kipindi. Kitabu cha kiada ni zana mojawapo. Muhimu, lakini zana.

Muhtasari unatisha kuusoma: umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli, mbinu, vipindi, safu juu ya safu. Mimi huwapeleka wazazi kwenye safu moja tu, ya vigezo vya upimaji, kwa sababu hapo ndipo panaposema mtoto afanye nini ndipo tuseme ameweza. Naichukua, naigeuza kuwa jambo la nyumbani. Mtume dukani na shilingi 2,000, na akirudi mwulize chenji ni ngapi kabla hujaipokea. Msomee kisa kifupi, umwombe akusimulie kwa maneno yake. Bibi asiyejua kusoma anaweza kufanya upimaji huu wa chenji, na nimeona mabibi wakiufanya kwa umakini kuliko wenye vyeti.

Jambo jingine linalowachanganya wazazi ni miaka. Mitaala hii, iliyokuja pamoja na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023, ilianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza, la tatu, na kidato cha kwanza mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi. Elimu ya msingi inakuwa miaka sita badala ya saba, na elimu ya lazima inakuwa miaka kumi, hadi kidato cha nne. Wazazi wakisikia "sita", wanadhani mtoto wao anarushwa darasa. Harushwi: yaliyofundishwa yamepangwa upya toka mwanzo ili yamalizike kwa miaka sita.

Hapo huwa nachora mstari ubaoni, mtaala mpya upande mmoja, wa zamani upande mwingine. Aliyekuwa darasa la tatu mwaka 2024 yuko darasa la sita mwaka 2027, anamaliza. Aliyekuwa la nne mwaka huo huo wa 2024 aliendelea na mtaala wa zamani, naye yuko la saba mwaka 2027, anamaliza. Madarasa mawili, mwaka mmoja.

Kwenye kikao kimoja baba mmoja alinyanyuka kabla sijaweka chaki chini. Ana wasichana wawili wanaofuatana, mmoja upande huu wa mstari wangu, mwingine upande ule. "Kwa hiyo Januari 2028 natafuta sare mbili za sekondari? Madaftari ya watu wawili? Kwa mara moja?" Nikamwambia ndiyo, baba. Ada haipo, lakini sare na madaftari ni vya mzazi, na nisingependa ayajue hayo Desemba 2027. Akaomba kalamu kwa jirani yake, akaandika mwaka huo kwenye kiganja. Waliokuwa nyuma wakaanza kuulizana watoto wao wako upande gani wa mstari, na mwalimu mkuu akaniomba nisiufute ule ubao.