Gwanda la Mjerumani la vita ya pili: "orijino" ni kitu gani hasa?

Ukianza kufuatilia mambo ya watu wanaokusanya sare za jeshi la Ujerumani za 1939 mpaka 1945, utagundua kila muuzaji anauza orijino, hajawahi kutokea mtu akakwambia njoo nikuuzie feki. Sasa mtu mpya anadhani swali ni moja tu, koti hili la kweli au la uongo, kumbe koti moja linaweza kukupa majibu manne matano kwa mpigo: kitambaa cha kweli, bitana ya kweli, vifungo vya koti lingine, na yule tai wa kifuani, nembo ya ndege tai mwenye swastika, kashonwa juzijuzi tu. Kwa hiyo wazoefu wakisema kitu ni orijino wanamaanisha mambo mawili pamoja, kwanza kila kipande ni cha enzi hizo, pili vipande hivyo vimekaa pamoja tangu wakati huohuo. Hilo la pili ndilo gumu, na ndiko pesa za watu zinakopotelea.

Koti lenyewe linaitwa Feldbluse, gwanda la kila siku la askari wa nchi kavu, rangi ya kijivu inayoelekea kijani. Lile la 1936 lilikuwa na kola ya kijani iliyokolea, mifuko minne yenye mkunjo katikati, vifuniko vya mifuko vimekatwa kwa mawimbi, vifungo vitano mbele. Vita ilivyozidi kukaza wakaanza kubana matumizi, kola ikashonwa kwa kitambaa kilekile cha koti, mikunjo ya mifuko ikaondolewa, vifuniko vikanyooshwa, na kufika 1944 koti limekuwa fupi la kuishia kiunoni lenye mifuko miwili, ukiliona haraka unaweza kudhani la Mwingereza. Sufu nayo ikawa inachanganywa na reyoni, yaani nyuzi za kutengenezwa kiwandani, na nyuzi zilizosagwa kutoka nguo kuukuu, ndio maana koti la mwisho mwisho wa vita ukilishika ni jepesi na linakwaruza. Haya majina ya M36, M40, M42 unayoyasikia mengi yametungwa na wakusanyaji baadaye ili waelewane. Askari wenyewe walivaa walichopewa, na koti la zamani lilirekebishwa likarudi kazini, kwa hiyo mtu kuwa na koti la kola ya kijani mwaka 1944 si ajabu hata kidogo.

Kazi ya kukagua inaanzia ndani, kama mtu anavyochambua mitumba, unaligeuza kwanza ndio uangalie nje. Kwenye bitana panatakiwa pawe na mihuri ya wino: namba tano za vipimo, yaani urefu wa mgongo, shingo, kifua, urefu wa koti zima na mkono, halafu alama ya ghala lililopokea, mfano B41 ni Berlin mwaka 1941, E ni Erfurt, M ni München. Pia jina la kiwanda, ila katikati ya vita majina yakaondolewa ikawekwa namba ya siri inayoitwa RB ili adui asijue nani anashona nini na wapi. Hapa sasa akili itumike, maana koti lenye muhuri wa 1940 halafu lina namba ya RB hapohapo linajipinga lenyewe. Na vipimo uvipime kweli kwa futi ya fundi, sio kusoma tu, kwani muhuri feki mara nyingi umegongwa kwenye koti ambalo kifua chake hakifanani na namba iliyoandikwa. Angalia pia kale kamfuko kadogo kwa ndani kwenye pindo la mbele kulia, kalikuwa ka kuwekea bendeji, na nyuma ya vifungo vya chuma mara nyingi kuna herufi za kiwanda na mwaka.

Haya, tuje kwenye tai. Baada ya Mei 1945 magwanda hayakupotea, Ujerumani ilikuwa imebomoka na nguo hakuna, watu waliendelea kuyavaa ila alama zote lazima zitolewe, wengine waliyatia rangi nyingine kabisa wakaendea kazini. Norway ndiko kulibaki mzigo mkubwa, Wajerumani laki tatu na zaidi walisalimu amri pale na maghala yao, jeshi la Norway likachukua zile nguo na kuzitumia miaka kadhaa. Maana yake duniani kuna makoti mengi ya kweli kabisa yasiyo na alama hata moja, bei yake ya kawaida tu, na mjanja akilipata anatafuta tai, tepe za kola na mabega, anashona, bei inaruka mara kadhaa. Na akiweka alama za SS, lile jeshi la chama cha Hitler, au za vikosi vya vifaru inaruka zaidi, ndio maana vitu vya SS ndivyo vimejaa uongo kuliko vyote. Kwa hiyo usiishie kuangalia tai mwenyewe, angalia chini yake. Alama iliyokaa miaka huacha kivuli, kitambaa kilichofunikwa hakikupauka, na matundu ya sindano ya zamani yanabaki, sasa ukikuta kuna matundu ya umbo lingine pembeni ya mshono wa sasa ujue hapo pamepita fundi mpya.

Uzi ndio unaowaumbua wengi. Poliesta haikuwepo kwenye nguo za wakati huo, imeingia sokoni baada ya vita, na uzi wake ukiuchoma kidogo unayeyuka unakuwa kitonge kigumu, wakati pamba inakuwa jivu na sufu inanuka kama nywele zilizoungua. Kuna na ile taa ya mwanga wa zambarau kama ya kukagulia noti, nyuzi na karatasi nyingi za baada ya vita zimewekewa kemikali ya kung'arisha weupe, zikimulikwa zinawaka bluu. Kisa maarufu cha taa hii si cha koti hata. Mwaka 1983 jarida la Stern la Ujerumani lilitangaza limepata shajara za Hitler, wakalipa mamilioni ya marki, watu wa nyaraka za taifa la Ujerumani walipopima wakakuta karatasi ina king'arishi hicho cha baada ya vita na nyuzi za jalada zina poliesta. Mtengenezaji alikuwa Konrad Kujau, na biashara yake pale Stuttgart ilikuwa hii hii ya kuuza vitu vya kijeshi vya enzi za Hitler! Akafungwa miaka minne na nusu. Ila taa isikudanganye, koti la kweli likifuliwa kwa sabuni ya siku hizi litawaka lote, na feki lililoshonwa kwa uzi wa zamani uliookotwa halitawaka kabisa.

Kwetu huku wapo wanaouliza kuhusu sare za Schutztruppe, jeshi la Mjerumani la vita ya kwanza Afrika Mashariki. Hizo ni habari nyingine, kaki na si sufu, tena kutafuta sare "kamili kama kitabu kinavyosema" ni kujidanganya, maana Waingereza walifunga bahari, vitambaa vikashonwa na kutiwa rangi hukuhuku, na Novemba 1917 pale Ngomano, Msumbiji, vikosi vya kamanda wao Lettow-Vorbeck viliwapiga Wareno vikabeba bunduki na nguo zao. Askari aliyesalimu amri Abercorn 1918, mji ambao leo ni Mbala ya Zambia, anaweza kuwa alivaa ya Mreno mwilini na akawa sahihi kabisa.

Kuna jambo wauzaji wengi hawaligusi, ni nani alishona. SS walikuwa na kampuni yao ya nguo, Texled, na kule Ravensbrück walioshona ni wanawake wafungwa wa kambi. Kwenye geto la Łódź kule Poland, mtaa waliofungiwa Wayahudi, walishona sare za jeshi mpaka Agosti 1944 geto lilipofungwa na wengi wakapelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz. Mtu akiniuliza, koti lenye muhuri wa sehemu kama hizo ni la makumbusho na si la kuning'iniza sebuleni, lakini sheria inatofautiana: Ujerumani kumiliki kwako ndani si kosa, kuonyesha swastika hadharani ni kosa, kwa hiyo kwenye picha za mnada utaikuta imefunikwa.

Mwisho kuhusu karatasi. Askari wa Marekani walioruhusiwa kubeba nyara walipewa cheti chenye sahihi ya afisa, na vyeti vya kweli vipo. Lakini bastola ina namba yake, koti halina, cheti kitaandika tu koti moja la Kijerumani basi, na koti lolote linaweza kulazwa juu yake. Kagua nguo kwanza kana kwamba hicho cheti hakipo.