Mkuu wa shule na ufundishaji: dhana zinazotuchelewesha

Dhana: Taaluma ni kazi ya mtaaluma, mkuu ana ofisi yake.

Mtaaluma, yaani mwalimu msimamizi wa taaluma shuleni, hupanga ratiba, huandaa mitihani na kukusanya alama. Lakini mwalimu gani apewe Darasa la Kwanza, au ruzuku ya serikali inunue nini kwanza, hayo huamua mkuu. Dhana hii haikutoka hewani. Tangu elimu bila malipo ianze Tanzania mwaka 2016, ruzuku huingizwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na mkuu amegeuka mhasibu na msimamizi wa mafundi. Viongozi wakifika shuleni nao, mara nyingi huuliza kwanza choo kimefikia wapi.

Dhana: Akishasaini maandalio ya masomo, amesimamia ufundishaji.

Saini inathibitisha kwamba karatasi imeandikwa, basi. Andalio safi linaweza kuwa limenakiliwa la mwaka jana. Mkuu akikaa nyuma ya darasa dakika ishirini ataona kisichoandikwa humo: wanaojibu ni wale wale wa dawati la mbele, wengine wanaitikia "ndiyo mwalimu" kwa pamoja, na aliyekosea hakuulizwa amefikaje kwenye jibu lake. Hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo na mwalimu, siku hiyohiyo, wawili tu.

Dhana: Mkuu anayeingia darasani anamvizia mwalimu.

Kama huingia tu mzazi akilalamika, mwalimu ana haki ya kuogopa. Akizoea kuingia, na barua ya kujieleza isifuate nyuma yake, hofu hupungua.

Dhana: Mkuu aliyesomea Kiswahili hana la kumsaidia mwalimu wa Fizikia.

Hatamfundisha kanuni za Newton. Anaweza kuona kama wanafunzi wameshika vifaa wenyewe au wametazama tu, na anaweza kumkutanisha na mwenzake wa shule jirani. Uchambuzi wa tafiti uliofanywa na mtafiti wa uongozi wa shule, Viviane Robinson, na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008, ulilinganisha mambo wanayofanya viongozi wa shule. Lililohusiana zaidi na matokeo ya wanafunzi ni kiongozi kuhimiza walimu wajifunze na yeye mwenyewe kushiriki. Kwa hiyo kwenye vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), mkuu anayefungua kikao kisha akaondoka kwenda benki amekosa sehemu yenye uzito kuliko zote.