Magamba ya chuma, tuyatazame yangali motoni

Jumamosi iliyopita nilikaa kwa mzee mmoja mhunzi pale Ngamiani, Tanga, anayefua visu kwa springi za lori. Alichomoa kipande kwenye mkaa kikiwa chekundu, akakisogezea sumaku aliyoifunga kwenye waya. Haikunasa. "Kishakuwa tayari," akasema, akakitosa kwenye kopo la mafuta machafu. Chini ya fuawe kulikuwa na magamba meusi, nikaomba nifungiwe kidogo kwenye gazeti.

"Takataka hizi, mwanangu? Chukua zote."

Mimi nami kazi yangu ni chuma na moto, ila mimi hukitazama kwa eksirei.

Aliyepanda basi kutoka Korogwe kuja Tanga anayajua mashamba ya mkonge. Gari likienda, mimea unaiona fujo tupu, mara safu zinafunguka na jicho linapenya hadi mwisho wa shamba. Atomu za metali nazo zimekaa kwa safu. Eksirei zikizipiga, kwenye pembe fulani tu zinarudi zikiwa zimeungana nguvu. Kwenye pembe nyingine zinauana zenyewe kwa zenyewe. Pembe hiyo, pamoja na urefu wa wimbi, inakupa nafasi iliyopo kati ya safu na safu. Hesabu yake aliitoa William Lawrence Bragg mwaka 1912, na mwaka 1915 akapewa Nobel pamoja na baba yake. Alikuwa na miaka 25.

Chuma safi kikiwa baridi, safu zake zilizoachana zaidi zina nafasi ya nanomita 0.203. Natumia tyubu ya eksirei ya kobalti, maana ile ya shaba iliyozoeleka hukifanya chuma chenyewe kitoe eksirei zake, picha ikajaa ukungu. Kwa kobalti, kilele, yaani mlima unaochorwa kwenye skrini pale eksirei zinaporudi kwa nguvu, kinasimama kwenye pembe ya digrii 52.4. Washa moto: chuma kinatanuka, safu zinaachana, kilele kinajongea kushoto taratibu. Kwenye nyuzi joto 770 sumaku hainasi tena, lakini kwenye skrini hakuna jipya, safu ni zile zile. Subiri hadi 912. Hapo kilele, ambacho kimeshafika karibu digrii 51.7, kinazama, na kingine kinachomoza karibu 50.3. Atomu zimejipanga upya, tena kwa kubanana zaidi, kiasi kwamba chuma kinasinyaa huku moto unapanda. Nimeshaliona mara nyingi na bado huacha chai ipoe.

Mzee naye anangoja huko kujipanga upya ndipo akitose chuma; basi sumaku yake inamdanganya? Hapana. Springi ina kaboni, na kaboni huleta mageuzi mapema: huanza karibu nyuzi 727, na kwa chuma cha aina ile huwa yamekwisha kabla ya 770. Angekuwa na msumari laini, hapo sumaku ingemponza.

Sasa hewa. Chuma chekundu kikikutana na oksijeni huvaa magamba ya tabaka tatu, na lile linaloshikana na chuma, lenye oksijeni kidogo kuliko mengine, huwa imara juu ya nyuzi 570 tu. Likipoa polepole linavunjika, linageuka magnetaiti, ile oksidi nyeusi ya chuma, na chembe za chuma. Kwa hiyo furushi langu la gazeti linanisimulia habari za kupoa, si za moto. Ndiyo maana tunapima ndani ya chemba yenye madirisha ya berili, metali nyepesi ambayo eksirei hupita bila taabu, huku sampuli imelala juu ya kikanza na gesi tunayoitaka inapita. Ukipitisha hidrojeni, magamba yananyang'anywa oksijeni, mvuke wa maji unatoka, chuma kinarudi. Chini ya 570 magnetaiti inageuka chuma moja kwa moja. Juu yake inapitia kwanza ile oksidi ya tabaka linaloshikana na chuma, na vilele vyake unaviona vikija na kuondoka.

Hapa niliwahi kuaibika. Nilibadilisha gesi ya argoni nikaweka hidrojeni, kipimajoto kikabaki pale pale, nikaandika namba zangu kwa kujiamini. Kumbe hidrojeni husafirisha joto takriban mara saba kuliko hewa ya kawaida, na argoni haifikii hata hewa. Kipimajoto kilikuwa chini ya sampuli. Uso wake wa juu ulikuwa umepoa bila mimi kujua. Kazi ya wiki mbili ikaenda na maji. Siku hizi nachanganya na sampuli unga kidogo wa alumina, yaani oksidi ya alumini, ambao kutanuka kwake kunajulikana, na vilele vyake ndivyo vinavyoniambia joto la kweli.

Nilipomweleza mzee habari ya chemba, alisikiliza hadi mwisho huku akipiga tupa, kisha akauliza swali moja: "Na huko nani anavuta mvukuto?"