Gome la muthiga na kidonge cha kliniki: maswali kuhusu miti shamba

Natafuna gome la mti wa muthiga kila nikipata kikohozi. Ni dawa kweli, au mazoea tu?

Ina dawa. Tafuna kipande kidogo: mwanzoni kama mbao kavu, halafu ghafla ulimi unawaka kama umeuma pilipili. Ukali huo ni kemikali ambazo mti hujitengenezea kujikinga. Mojawapo, poligodiali, huua fangasi wa kandida katika maabara. Lakini kuua fangasi kwenye kisahani ni jambo moja, kumponya mgonjwa ni jingine. Kikohozi kikipita wiki mbili, nenda upimwe kifua kikuu.

Mbona basi hospitali zinadharau miti?

Zinaitumia kila siku. Kwinini ilitolewa kwenye gome la sinkona mwaka 1820. Vinkristini, inayotibu saratani ya damu kwa watoto, hutoka kwenye ua la vinka, la rangi ya waridi, lenye asili ya Madagaska, ambalo wengi hulipanda kama pambo tu.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Tu Youyou wa Uchina. Alikuwa akitafuta dawa ya malaria kwenye mmea wa artemisia, na majaribio yakawa yanamwangusha. Akarudi kwenye maandishi ya kale, akaona yanaagiza majani yalowekwe kwenye maji, hayataji kuchemsha. Akashuku kwamba moto ndio ulioharibu dawa. Akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na mwaka 1972 dawa ya artemisinini ikapatikana. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Vidonge vya malaria unavyopewa kliniki hapa Nairobi vina dawa ya ukoo huo.

Si basi nipande artemisia nyumbani ninywe chai yake?

Hapana. Kiasi cha dawa hubadilika shamba kwa shamba, na kikombe hakina kipimo. Dozi ndogo hukupunguzia homa na kuacha vimelea hai, na vinavyobaki huweza kuwa sugu. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo kwa malaria.

Mama ana presha. Anameza vidonge vyake, na pia unga wa mizizi alionunua soko la Gikomba. Nimkataze?

Usimfokee, maana atakunywa kwa siri. Unga huo nao ni dawa, na dawa mbili hukutana mwilini. Utomvu wa njano wa mshubiri, kwa mfano, huharisha na kuupotezea mwili madini ya potasiamu. Akiwa pia anameza vidonge vya kupunguza maji mwilini, potasiamu hushuka zaidi na mapigo ya moyo huweza kuvurugika. Vitunguu saumu vingi pamoja na warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, huongeza hatari ya kutokwa damu.

Siku ya kliniki, beba pakiti ya unga pamoja na vidonge, uviweke vyote mezani kwa daktari. Mwulizeni muuzaji jina la mti. Asipolijua, mama asiunywe.

Na mwarobaini kwa mtoto mchanga?

Usimnyweshe, hasa mafuta yake. Yamewahi kuwasababishia watoto degedege na hata vifo.