Kioo cha simu yako kina chumvi ndani

Juzi fundi simu mmoja Darajani kaniuliza, we mtaalamu, hivi hichi kioo cha OLED kina nini khasa ndani mpaka bei yake ikawa vile? Nkamwambia kina chumvi. Akacheka, lakini ndo kweli, ila si hii ya mashamba ya Pemba, ni lithiamu floraidi.

Iko hivi. OLED haina taa nyuma, kila nukta inawaka yenyewe. Upande mmoja kuna metali, mfano alumini, inatoa elektroni, zile chembe za umeme, upande wa pili chaji chanya, katikati maada za kaboni zenye unene wa kama nanomita 100 hivi (nanomita ni mita moja ukiigawa mara bilioni), elektroni na chaji chanya zikikutana hapo mwanga unatoka. Sasa elektroni kuingia kwenye ile maada ndo kazi. Elektroni ndani ya alumini ziko chini, na mlango wa ile maada uko juu, mfano uko kwenye mtumbwi maji yamekupwa na gati liko kule juu, vijana wataruka lakini wazee na makapu yao wanabaki. Ukiongeza volti unawasukuma kwa nguvu, watapanda, ila umeme unakwenda bure na kioo kinachemka.

Mwaka 1987 Tang na Van Slyke wa Kodak kule Marekani walitumia magnesi iliyochanganywa na fedha, inatoa elektroni kirahisi lakini hewa inaila upesi. Halafu 1997 Hung, Tang na Mason wakaweka chumvi hii chini ya alumini, unene kama nanomita moja tu, na kizingiti kikashuka, yani maji yamejaa mtumbwi umepanda wenyewe! Kinachochekesha ni kwamba chumvi hii haipitishi umeme. Ikiwa nyembamba elektroni zinapenya, ukiizidisha nanomita chache tu umejenga ukuta. Wako wanaosema alumini inaivunja ile chumvi lithiamu ikatoka, wengine wanasema chaji zinajipanga pale mpakani, mie naona yote yamo, inategemea metali iliyokuja juu yake.

Upande wa chaji chanya nao una tabaka lake, na mara nyengine linawekwa kuzipunguza mwendo, mana zikizidi zinapita moja kwa moja bila ya kukutana na mtu.

Na lile doa jeusi linalotanuka kioo kikipata ufa? Unyevu wetu huu wa bahari umeingia ukaila metali pale pale mpakani, maada ya mwanga mara nyingi bado nzima, elektroni tu hazina pa kuingilia.